Ofa ya Novemba na Chumvi ya Diani

Chukua televisheni tatu za kampuni moja, toleo moja, zilizotoka kiwandani siku moja. Ya kwanza ipeleke Kinango, ya pili iweke mjini Kwale kule juu mlimani, na ya tatu itundike katika nyumba ya mstari wa kwanza Diani, sebule ikitazama bahari. Zote zimenunuliwa kwa ofa moja na zina waranti ya mwaka mmoja. Ya Kinango itasumbuliwa na vumbi, ya Kwale itakutana na ukungu wa Shimba Hills, na hii ya Diani itaanza kuliwa wiki ile ile inapotolewa kwenye katoni. Karatasi ya ofa haitaji jambo hili. Wenye matangazo wako Nairobi, mji ulioinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako ukiacha redio dirishani mwaka mzima utaikuta na vumbi tu.

Tangu Jumia walipoanza kuleta Black Friday nchini mwaka 2014, ile Ijumaa moja ya Wamarekani imetanuka ikawa karibu Novemba nzima, ikapokewa na ofa za Krismasi, kisha zile za Januari za kumaliza stoki. Pwani ya kusini msimu huo huangukia wakati wa kaskazi: hoteli zimejaa, vibarua wameitwa kazini, na pesa zinatembea Ukunda kuliko miezi mingine. Ndipo friji nyingi zinaponunuliwa. Mnunuzi hupiga hesabu ya kilichopunguzwa, wakati hesabu yenye maana ni bei ikigawanywa kwa miaka ambayo kitu kitafanya kazi. Televisheni ya shilingi 22,000 inayokufa mwaka wa tatu imekugharimu zaidi ya 7,300 kwa mwaka. Ya 34,000 inayofika mwaka wa nane imekugharimu 4,250. Kazi iliyobaki ni kukisia miaka hiyo, na hapo ndipo sayansi ya upepo inapoingia.

Mawimbi yakivunjika kwenye mwamba yanatoa povu, na kila kiputo cha povu kikipasuka kinarusha hewani matone madogo mno ya maji ya bahari. Maji yanakauka, chembe za chumvi zinabaki zikielea. Kusi na kaskazi zote hapa huvuma kutoka upande wa bahari, kwa hiyo mwaka mzima mzigo huo unasukumwa nchi kavu. Nyingi ya chembe hizo huanguka katika mita mia chache za mwanzo. Ndiyo maana mabati ya nyumba za ufuoni huoza mapema kuliko ya jirani aliye ng'ambo ya barabara kuu, na wahandisi wanaopima ukali wa hewa dhidi ya chuma huweka ukanda wa ufuo wa nchi za joto katika madaraja ya juu kabisa.

Chumvi kavu haina neno. Ubaya wake ni kiu. Chumvi ya mezani, yaani sodiamu kloraidi, huanza kunyonya maji hewani na kuyeyuka unyevu unapofika kama asilimia 75. Chumvi ya bahari, hata hivyo, imechanganyika na magnesiamu kloraidi, ambayo huyeyuka unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Diani na Msambweni unyevu mara nyingi hupita 70, na usiku hupanda zaidi. Chembe ya chumvi iliyotua juu ya bodi ya televisheni, basi, haikauki kamwe. Inabaki kama utando wa majimaji usioonekana kwa macho, unaopitisha umeme.

Weka volti chache kati ya nyaya mbili zilizo chini ya utando huo uone. Chuma cha upande chanya huyeyuka kidogokidogo, husafiri ndani ya majimaji na kuganda upande hasi, kikiota vijitawi vyembamba kama mizizi. Kijitawi kimoja kikigusa upande wa pili, umeme hupita mahali ambapo haukupangiwa kupita. Mara nyingine kijitawi huungua palepale, na kifaa kikazima na kuwaka chenyewe bila sababu. Mwenye televisheni huilaumu stima, au watoto.

Kuna fundi Ukunda aliyenifungulia bodi moja ya namna hii. Kwa juu ilikuwa safi. Alipoigeuza na kuileta karibu na taa, pembeni mwa matundu ya skrubu palikuwa na unga wa kijani mbichi, ile kutu ya shaba, na miguu ya soketi ya HDMI ilikuwa imefura kijivu. Akachovya mswaki wa zamani kwenye spiriti, akasugua taratibu, unga ukatoka na kipande cha njia ya shaba nacho kikatoka. "Hapa pameisha, ndugu yangu," akasema, akionyesha kwa ncha ya bisibisi. Aliunga waya mwembamba kama unywele juu ya pengo lile, akaenda kwenye kazi nyingine. Televisheni ilikuwa haijamaliza miaka miwili.

Adui wa pili ni joto, na huyu anaonewa huruma zaidi ya anavyostahili kwa sababu hafanyi kelele. Ndani ya chaja, televisheni na taa nyingi za LED mna kopo dogo la aluminiamu liitwalo kapasita, lenye umajimaji unaokauka kadiri miaka inavyopita. Wahandisi hutumia kanuni nyepesi: joto likiongezeka nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua nusu. Ubavuni mwake huandikwa kiwango chake. Tuseme imeandikwa nyuzi 105 na saa 2,000. Ikifanya kazi ndani ya kifaa chenye nyuzi 65, itatarajiwa kudumu kama saa 32,000. Kipeleke kifaa hicho kwenye chumba kilicho na nyuzi 10 zaidi, tofauti isiyo ya ajabu kati ya sebule ya Nairobi na ya Ukunda mwezi wa Machi, na saa zinabaki 16,000. Kwa familia inayotazama televisheni saa sita kwa siku, hiyo ni miaka saba na ushei badala ya kumi na minne.

Sasa kiwanda kinachotafuta bei ya kutupa kikiweka kapasita ya nyuzi 85 na saa zile zile 2,000, hesabu inageuka. Nairobi itafika saa 8,000, miaka mitatu na nusu hivi. Ukunda itafika 4,000, yaani mwaka mmoja na miezi kama kumi. Waranti ni ya mwaka mmoja. Sisemi kuna aliyekaa akapanga hivyo, lakini ndivyo tarakimu zinavyoangukia, na kapasita hizo mbili ukizilaza juu ya meza zinatofautiana bei kwa shilingi chache mno.

Turudi kwenye karatasi ya ofa. Bei ya zamani iliyokatwa kwa mstari mwekundu ina kazi yake akilini, na kazi hiyo ilielezwa na Amos Tversky na Daniel Kahneman mwaka 1974: tarakimu ya kwanza tunayoiona hushika nanga, na zote zinazofuata tunazipima kutoka hapo. Ukiandikiwa 39,999 kisha 27,999, akili yako inashangilia zile 12,000 ambazo huenda hazikuwahi kuombwa kwa mtu yeyote. Shirika la wateja la Which? la Uingereza limefuatilia bei kwa miaka kadhaa na kukuta kuwa bidhaa nyingi za Black Friday ziliuzwa kwa bei hiyo hiyo au chini yake nyakati nyingine za mwaka. Umoja wa Ulaya ulichoka, na tangu Mei 2022 muuzaji wa huko anayetangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 zilizotangulia. Kwetu, Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni udanganyifu kudai nafuu ya bei isiyokuwepo. Haimlazimishi muuzaji kukuonyesha bei ya mwezi uliopita, kwa hiyo jukumu hilo unabaki nalo wewe: piga picha ya bei mwezi wa Septemba, uende nayo dukani Novemba.

Friji inastahili makini kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ndicho kifaa kisichopumzika. Fungua mlango, tafuta kibandiko kilicho ubavuni kwa ndani, au mgongoni karibu na kompresa. Pamoja na namba za toleo utaona herufi: SN, N, ST au T. Hizo ni hali za hewa ambazo friji ilitengenezewa. N ni ya chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST hufika 38, na T, ya nchi za joto, hufika 43. SN huanzia nyuzi 10 na mwisho wake ni 32 vilevile. Jikoni kwa mtu Msambweni, mchana wa kaskazi, chini ya mabati, jiko likiwaka, 32 hupitwa kabla ya adhuhuri. Friji ya N hapo haitalipuka wala kuzima. Itanguruma bila kupumzika, italipiwa tokeni, na kompresa itachoka mapema. Zile za mtumba kutoka Uingereza ndizo za kuchunguza zaidi, maana baadhi zilizaliwa kwa ajili ya majiko ya baridi. Ukikuta SN-T, ina maana inastahimili kuanzia 10 hadi 43. Hiyo zungumza bei.

Kisha tazama nyota. Kanuni za mwaka 2016, ambazo sasa ziko mikononi mwa mamlaka ya nishati, EPRA, zinataka friji mpya iwe na kibandiko cha nyota kuanzia moja hadi tano, nyingi zikimaanisha umeme mdogo. Mfano wa hesabu: friji moja inakula uniti 1.2 kwa siku, ya pili 0.7. Tofauti ni nusu uniti, kitu cha kupuuzwa. Kwa mwaka inakuwa uniti 182, na tukikadiria uniti kuwa shilingi 25, ni zaidi ya 4,500. Katika miaka mitano umelipa zaidi ya 22,000. Punguzo la 8,000 lililokuvuta kwenye ile ya kwanza limeliwa kabla ya mwaka wa pili kwisha. Ongeza gadi ya friji, ile inayochelewesha umeme dakika chache stima inaporudi, kwa sababu kompresa ikilazimishwa kuanza kabla presha ya gesi haijatulia hujiumiza, na umeme unaorudi kwa kishindo huumiza kila kitu.

Kwa simu, usidanganywe na picha ya simu ndani ya maji. Alama ya IP68 hupimwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme takriban mara mia ya maji ya bomba, na yakikauka ndani ya tundu la chaja yanaacha ile chumvi yenye kiu. Ikichovya baharini, ioshe kwa maji ya bomba, ikauke kabisa, ndipo uichaji. Betri nayo ina ugomvi wake na jua. Betri ya lithiamu ikikaa mwaka mzima imejaa katika nyuzi 40 hubaki na takriban asilimia 65 ya uwezo wake. Ikikaa nusunusu katika nyuzi 25 hubakiza zaidi ya 90. Dereva wa tuktuk anayeichaji simu juu ya dashibodi mchana kutwa hahitaji kuelezwa kwa nini inazima saa tisa.

Umri wa simu hukatwa pia na programu. Kuna simu za bei nafuu zinazoacha kupata masasisho ya usalama baada ya miaka miwili, wakati Google na Samsung waliahidi miaka saba kwa simu zao kubwa kuanzia Pixel 8 na Galaxy S24. Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai betri ya simu ibakize asilimia 80 baada ya kuchajiwa mizunguko 800, na vipuri vipatikane kwa miaka saba. Simu za kiwango hicho zitafika kwetu pia, mpya na mtumba, na swali la "hii ina masasisho hadi lini?" linafaa kuulizwa kabla ya lile la megapikseli.

Mkopo nao? Chukua simu ya taslimu 15,000 inayouzwa kwa amana ya 3,000 na shilingi 65 kila siku kwa mwaka. Jumla ni 26,725. Kwa asiyekuwa na njia nyingine, na anayeitumia simu hiyo kutafuta riziki, huenda ikamlipa. Ila aiite kwa jina lake: si ofa.

Baada ya Pasaka, kusi inapoingia na wageni kupungua, baadhi ya hoteli za Diani hufunga kwa ukarabati, na vifaa vyao vya zamani huanza kuonekana mitaani. Bei zake zinaweza kuwa nzuri kuliko za Novemba, lakini ni vitu vilivyoishi karibu na maji. Usianze na kioo. Kigeuze kifaa uangalie skrubu za mgongoni, kisha matundu ya soketi kwa tochi ya simu. Skrubu zenye kutu na soketi zenye unga wa kijani zinakwambia hali ya bodi iliyo ndani. Mwombe muuzaji afungue mfuniko. Akikataa, taja bei kana kwamba unanunua kioo na spika peke yake, kwa sababu yaelekea hivyo ndivyo vitakavyobaki vizima.