Tangi la samaki lenye mimea: Maji yatangulie, samaki wafuate

KATIKA nyumba nyingi za mijini kisa huwa ni kile kile. Mzazi hununua tangi la kioo na samaki watano wa rangi siku ya Jumamosi, hulijaza maji ya bomba jioni hiyo hiyo, na ifikapo Jumatano samaki wawili wanaelea juu ya maji huku watoto wakiuliza ni nani aliyewaua.

Aghalabu lawama humwangukia muuzaji, kwamba aliuza samaki wagonjwa. Hata hivyo, mara nyingi muuaji ni maji yenyewe, ingawa kwa macho yanaonekana safi kabisa.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila anapopumua. Kinyesi na mabaki ya chakula yanapooza, amonia huongezeka. Katika mto au ziwa, sumu hiyo husambaa katika maji mengi na kushughulikiwa na bakteria ambao ni sehemu ya mazingira hayo. Katika tangi jipya la kioo bakteria hao bado hawajajijenga, hivyo samaki huogelea ndani ya sumu yake mwenyewe.

Bakteria wanaohitajika ni wa makundi mawili. La kwanza hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwani huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili hugeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo na ambayo mimea huitumia kama mbolea. Makundi hayo hujijenga juu ya changarawe, majani na sponji ya chujio, na kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kukamilika.

Hapo ndipo mimea hai inapokuwa na faida kubwa kuliko ile ya plastiki. Mimea ya majini hufyonza amonia moja kwa moja, hutoa oksijeni wakati wa mwanga, na majani yake huwa makazi ya bakteria.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza, Robert Warington, aliiarifu jumuiya ya wanakemia ya London jinsi alivyowaweka samaki wawili wa dhahabu pamoja na mmea wa valisneria katika chombo cha maji. Majani yalipoanza kuoza na maji kuchafuka, aliongeza konokono wa majini wanaokula majani yaliyooza, na hali ikatengemaa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1853, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa ajili ya umma.

Uzito na mahali pa kuweka

Kwa anayeanza, tangi kubwa kiasi ni rahisi kulitunza kuliko dogo, kwa sababu katika maji mengi sumu hujikusanya polepole. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35 huchukua takriban lita 63. Kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, maji peke yake yatafikia kilo 63, kabla ya kuhesabu kioo, mawe na changarawe. Kwa hiyo meza dhaifu ya sebuleni haifai, na tangi lililojaa halipaswi kuhamishwa hata kidogo, kwa kuwa viungo vya kioo vinaweza kuachia.

Aidha, tangi lisiwekwe dirishani. Jua la moja kwa moja hupandisha joto la maji na kustawisha mwani unaoyageuza kuwa ya kijani. Taa ya LED inayowashwa saa sita hadi nane kwa siku inatosha. Kuiacha ikiwaka usiku kucha hakuikuzi mimea haraka, bali hukuza mwani.

Udongo na maji

Sakafu ya tangi huwekwa changarawe laini ya mtoni iliyooshwa hadi maji yanayotiririka yawe meupe. Kina cha sentimita tano hadi saba kinatosha mizizi kujishika, upande wa nyuma ukiwa juu kuliko wa mbele. Wapo wanaotanguliza tabaka jembamba la udongo wa bustani usio na mbolea na kulifunika kwa changarawe. Njia hiyo ilipata umaarufu kupitia kitabu cha Mmarekani Diana Walstad kilichotoka mwaka 1999.

Wakazi wa pwani wanapaswa kujihadhari na mchanga wa baharini, makombe na mawe ya matumbawe. Vitu hivyo vina chokaa inayoyeyuka taratibu na kuyafanya maji kuwa magumu. Kipimo chake ni rahisi: jiwe likidondoshewa siki na kutoa povu, lina chokaa.

Maji ya bomba huwekwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyo huwadhuru samaki na kuwaua bakteria wanaohitajika. Maji yakiachwa wazi kwenye ndoo kwa saa 24 au zaidi, sehemu kubwa ya klorini hutoka. Mahali ambapo maji hutiwa kloramini njia hiyo haisaidii, na hulazimu kutumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Maji ya kisima kirefu hayana klorini, lakini yakiwa na ladha ya chumvi hayafai kwa mimea mingi.

Mimea na samaki wa kuanzia

Mimea migumu ndiyo inayofaa kwanza. Valisneria hupandwa upande wa nyuma, mizizi tu ikiwa imefukiwa. Anubiasi, ambayo asili yake ni mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au gogo. Shina lake nene likifukiwa, huoza. Baadhi ya majani huweza kunyauka katika wiki za mwanzo mmea unapozoea maji mapya. Majani hayo yakatwe na kutolewa, lakini mmea using'olewe.

Baada ya kupanda, tangi huachwa na chujio likifanya kazi, huku chembe chache za chakula cha samaki zikidondoshwa kila siku ili kuwalisha bakteria. Samaki huingizwa pale vipimo vinapoonyesha kuwa amonia na naitraiti zimefika sifuri. Huanza wawili au watatu wadogo, kama gapi, na wengine huongezwa baada ya wiki kadhaa.

Samaki wa dhahabu hawafai kwa tangi la ukubwa huo, kwani hukua sana, huchafua maji na hung'oa mimea. Hali kadhalika mbuna wa Ziwa Nyasa, ambao licha ya uzuri wa rangi zao hutafuna mimea na hupenda maji magumu. Kwa miji yenye baridi kama Nairobi na Arusha, hita inahitajika ili maji yabaki kati ya nyuzi joto 24 na 27.

Kila wiki robo ya maji hubadilishwa, yaani takriban lita 15 kwa tangi lililotajwa. Sponji ya chujio huoshwa katika maji yaliyotolewa tanginini, kamwe si chini ya bomba, kwani klorini itawaua bakteria waliongojewa mwezi mzima. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, samaki wasilishwe, na maji yachotwe kwa jagi na kumiminwa tena ili yapate hewa. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Usitupe mtoni

Jambo la mwisho halihusu tangi, bali mazingira. Mimea iliyopunguzwa isitupwe mtoni, mtaroni wala ziwani, bali ikaushwe juani na kufukiwa. Magugu maji yaliyovamia Ziwa Victoria tangu miaka ya mwisho ya 1980 na kuziba njia za mitumbwi ya wavuvi ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mwezi mmoja wa kutazama tangi lisilo na samaki ni mrefu kwa mtoto, lakini ni mfupi kuliko kumweleza kila Jumatano kwa nini samaki wake amekufa.