Kazi ya Kungoja: Mazungumzo juu ya Mkunga



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kazi ambayo karibu kila mmoja wetu ameifaidi, ijapokuwa hapana hata mmoja aikumbukaye. Ni kazi ya mkunga, yule mwuguzi akaaye na wanawake saa ya kujifungua. Sisi tu walimu, wala si waganga. Lakini miongoni mwa wanafunzi tuliowafundisha wamo waliokwenda kuwa wakunga, na kwa kuwauliza habari za kazi yao tumejifunza mambo ambayo yafaa yajulikane na watu wote, wanaume kwa wanawake.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mkunga ni kumpokea mtoto tu. Basi jamaa za mzazi wakiketi barazani pa hospitali, nao wakamwona mkunga akienda toka kitanda hata kitanda, akitazama saa, akiandika kidogo, kisha akaenda zake, huanza kunung'unika: "Mbona hamfanyii kitu?" Neno tunalotaka kulieleza leo ni hili, kwamba kule kungoja ndiyo kazi yenyewe. Lakini kungoja kuko kwa namna mbili: kuna kungoja kwa mtu aliyesinzia, na kuna kungoja kwa mlinzi. Tofauti yake ni kipimo.

Na tuanze pale zamu inapoanza. Mkunga anayetoka humkabidhi anayeingia wazazi wote waliomo: huyu ni mimba yake ya kwanza, yule ni ya tano, huyu uchungu umemwanza alfajiri, yule alikwisha kupasuliwa katika uzazi uliopita. Akisha kusikia hayo, mkunga mzoefu haendi kuketi. Huenda kuvitazama vyombo: mikasi, vibanio vya kitovu, glovu, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ambayo huwekwa mahali pa baridi isiharibike, na kile kifuko cha kumpulizia hewa mtoto asiyepumua. Haridhiki kuambiwa kwamba vipo; hushika kila kimoja kwa mkono wake. Maana mtoto akizaliwa kimya, naye akisha kukaushwa na kusuguliwa mgongo asilie, hana budi kupuliziwa hewa kabla dakika 1 haijapita. Dakika hiyo haitoshi kutafuta ufunguo wa kabati.

Kisha huja kazi ya kulinda. Mkunga hulipapasa tumbo apate kujua mtoto amelalaje. Huweka mkono juu yake kwa dakika 10, akihesabu uchungu umekuja mara ngapi, na kila mara umedumu kwa muda gani. Huinama na kuusikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ndogo, ambayo Mfaransa Adolphe Pinard aliitengeneza mwaka 1895, na ingali inatumika katika vituo vingi hata leo, kwa kuwa haihitaji umeme wala haivunjiki upesi. Moyo wa mtoto aliye mzima hupiga mara 110 hata 160 kwa dakika. Humsikiliza kila nusu saa, na mzazi akianza kusukuma, kila dakika 5. Kila saa 4 hupima mlango wa uzazi, aone umefunguka kadiri gani.

Hayo yote huyaandika katika karatasi moja iitwayo patografu, na hapa sisi walimu twafurahi, maana ni hesabu ya darasani iliyogeuka kuwa mwokozi wa watu. Chini ya karatasi hiyo huandikwa saa; kando yake huandikwa sentimita tangu 0 hata 10, kwa kuwa mtoto hawezi kupita mpaka mlango umetimiza 10. Kila apimapo, mkunga hutia alama, na alama zikiunganishwa hufanya mstari upandao.

Habari ya karatasi hii yafaa kujulikana katika Afrika, maana sehemu yake kubwa ilitengenezwa huku huku. Mwaka 1954 daktari wa Marekani, Emanuel Friedman, alichora namna mlango wa uzazi unavyofunguka saa baada ya saa. Lakini mwaka 1972 madaktari wawili, Philpott na Castle, waliofanya kazi katika mji wa Salisbury, ambao sasa ni Harare, Zimbabwe, waliongeza jambo lililowafaa wakunga wa vituo vya mbali. Walipiga mistari miwili. Wa kwanza ni mstari wa tahadhari, upandao sentimita 1 kwa kila saa. Wa pili, uliowekwa saa 4 mbele yake, ni mstari wa kutenda. Mwendo wa mzazi ukikaa upande wa kushoto wa mstari wa kwanza, mkunga hungoja kwa moyo mtulivu. Ukiuvuka, huanza kufikiri habari za gari na hospitali kubwa. Ukiufikia mstari wa pili, hapana kungoja tena. Hapo lazima jambo liamuliwe. Hivyo mkunga aliye peke yake, mbali na daktari, alipata mshauri wa kumwambia, "Bado ngoja," na tena, "Sasa usingoje."

Ikawa Shirika la Afya Ulimwenguni likaijaribu karatasi hiyo kwa wanawake 35,484 katika Indonesia, Malaysia na Thailand, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1994. Kabla ya kuitumia, wazazi 64 katika kila 1,000 waliteseka kwa uchungu wa zaidi ya saa 18. Baada ya kuitumia, walikuwa 34. Dawa mpya haikuletwa. Kilicholetwa ni kalamu, saa, na mtu wa kutazama.

Hata hivyo kipimo nacho hupimwa. Mwaka 2020 Shirika hilo lilitoa karatasi nyingine, kwa sababu ilionekana ya kuwa wanawake wengi wenye afya hawafunguki kwa mwendo wa sentimita 1 kwa saa, wala hawana hatari kwa sababu hiyo. Katika karatasi mpya hesabu huanza kwenye sentimita 5, na kila sentimita imepewa muda wake. Tena pametiwa nafasi ya kuandika kama mzazi ana mtu wake wa kukaa naye, kama amekunywa kitu, na kama amepewa msaada wa kupunguza maumivu. Mambo hayo zamani yalionekana kuwa hisani tu. Sasa yamehesabiwa kuwa sehemu ya kazi.

Wazee wetu walisema, "Subira yavuta heri," nao walisema kweli. Lakini subira isiyo na mpaka huitwa uzembe, na haraka isiyo na sababu huumiza. Ndiyo maana wakunga huchukizwa sana na dawa za miti shamba ambazo wazazi wengine hunyweshwa nyumbani ili uchungu uje upesi. Nyingine hukaza mfuko wa uzazi kwa nguvu kupita kiasi, wala hapana ajuaye kadiri iliyonywewa. Na mfuko ukikazwa hivyo mtoto naye asipate njia, waweza kupasuka. Mkunga hawezi kulinda asichoambiwa. Basi kama kimenyweka kitu, na asemwe ukweli mapema. Hilo si la kuonea haya.

Sasa tuje kwenye saa ambayo watu wote hufurahi, ila mkunga. Mtoto amelia, vigelegele vimepigwa huko nje, na bibi yake anauliza kama ni mume au mke. Saa hiyo mkunga ndipo azidipo kuwa macho, maana damu ndiyo adui mkubwa wa mzazi. Katika dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, humpiga mama sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Kisha kondo la nyuma likisha kutoka, hulichungua kama ni zima, asisalie kipande ndani. Halafu huweka mkono tumboni kila baada ya muda mfupi. Mfuko ukiwa mgumu, ni heri. Ukiwa laini kama unga uliokandwa, ni hatari.

Shida moja ilidumu siku nyingi: jicho hudanganya. Damu iliyoingia katika nguo na magodoro huonekana kuwa kidogo kuliko ilivyo, na mkunga aliyechoka hupenda kuamini kwamba ni kidogo. Basi hapa napo dawa yake ilikuwa kipimo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Chini ya mzazi ulitandikwa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia. Damu ilipofika alama iliyowekwa, mkunga alifanya mambo yote kwa pamoja bila kungoja jingine lishindwe kwanza: kuukanda mfuko wa uzazi, dawa za kuukaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na kutafuta damu yatoka wapi. Katika hospitali zilizoshika desturi ya zamani, waliopata kutokwa na damu nyingi mno, au kupasuliwa kwa ajili yake, au kufa, walikuwa kama 43 katika kila 1,000. Katika zile zilizopima, walikuwa kama 16.

Mtaona, ndugu wasikilizaji, kwamba ni hekima ile ile ya patografu: mstari uliopigwa mapema, mtu akiwa na utulivu, humwokoa saa ya kuchoka na ya hofu.

Na mkunga mwenyewe huwaza nini, usiku wa manane, akiwa ameketi kati ya vitanda? Tulipowauliza wazoefu, hawakuanza kutaja mamia ya watoto waliowapokea salama. Walinena habari ya wale waliozaliwa kimya na hawakuamka. Mtoto kama huyo mkunga humwosha, humfunika nguo safi, na kumwuliza mama kama ataka kumpakata. Mzoefu hamwambii, "Utapata mwingine." Amejifunza kwamba neno hilo, japokuwa husemwa kwa huruma, humwambia mama ya kuwa huyu hakuwa mtu. Huketi naye tu. Hiyo nayo ni kungoja.

Walisema pia habari ya ulimi. Wako wazazi waliotukanwa katika wodi, na wengine huogopa kurudi kwa sababu ya maneno kuliko kwa sababu ya maumivu. Haifai kulificha jambo hilo. Lakini yafaa kujua na chanzo kimoja chake: mkunga mmoja mwenye wazazi wanne hawezi kusikiliza mioyo minne kila nusu saa, akiandika, na huku akimshika mmoja mkono. Mwaka 2021 ilihesabiwa kwamba ulimwengu umepungukiwa na wakunga 900,000. Uchache huo hauhalalishi tusi hata moja. Ila hutuonyesha ya kuwa upole nao wahitaji nafasi na watu wa kutosha.

Matunda ya kazi hii twayaona. Katika Tanzania, uchunguzi wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba uzazi 63 katika kila 100 ulikuwa katika vituo vya afya. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 81. Katika muda huo huo vifo vya wazazi vilikadiriwa kushuka toka 556 hata 104 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Lakini 104 si hesabu ya vitu. Ni akina mama, na kila mmoja ameacha mji wenye kilio.

Basi nasi tulio nje ya wodi tuna sehemu yetu. Mkunga hawezi kumngoja mzazi ambaye hajafika. Fedha za gari na ziwekwe kabla ya mwezi wa mwisho. Mume na mama mkwe waafikiane mapema, ili mwanamke asikae na uchungu akingoja ruhusa ya mtu aliye safarini. Tena zijulikane dalili zisizosubiri asubuhi: damu kutoka, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona kiwi, degedege, chupa ya maji kupasuka kabla ya wakati, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Lolote la hayo likionekana, safari ianze saa ile ile.

Na siku mtakapoketi barazani pa hospitali, mkamwona mkunga akija kwa mzazi wenu, akisikiliza, akitazama saa, akiandika na kwenda kwa mwingine, msiseme kwamba hafanyi kitu. Mwulizeni kwa adabu, "Sista, mwendo wake waendaje?" Ni haki yenu kujua, naye akiwa ameandika, atakuwa na jibu.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo leo. Kwaherini.