Umenunua nini, mama? Bafle, televizyo na redio baada ya kugawana akiba

Siku ya kugawana katika AVEC ni siku ya furaha. Kisanduku cha kufuli tatu kinafunguliwa, wenye funguo wote watatu wakiwa mbele, kila mama anahesabiwa hisa zake, anapewa chake na kurudi nyumbani ameshika mkoba kwa mikono miwili. Wiki mbili tatu zikipita, kwenye mkutano swali ni moja: "Umenunua nini, mama?" Zamani jibu lilikuwa kitenge, sufuria, mbuzi, minervali ya watoto. Minervali haijaondoka, na mbuzi pia yuko. Lakini mwaka huu, katika vikundi vya Kadutu, Ibanda na Bagira, majibu mengi yalikuja na waya na priz.

Mama muuza sambaza alinunua bafle ndefu yenye taa za rangi zinazocheza na muziki. Mama mshonaji alileta picha ya televizyo pana ya okazio iliyotoka Ulaya. Mwalimu mmoja alipata redio ndogo yenye kipande cha paneli ya jua mgongoni, na wenzake hawakuiangalia mara mbili. Na bibi mmoja wa Bagira, ambaye wajukuu wanamwita DJ, pesa yake yote aliitoa kwa ampli ya zamani na bafle mbili za mbao zenye mikwaruzo. Simu zilizunguka kutoka mkono hadi mkono, watu wakapiga vigelegele, wengine wakasema, "Na mimi mwaka kesho kama huyu."

Sisi tuliomba jambo moja zaidi: kila mmoja arudi baada ya mwezi atuambie chombo chake kinaendeleaje. Hapo ndipo mazungumzo yalipopata utamu. Maana chombo kipya kila mtu anapenda kukionyesha, lakini kikizima tunakifunika kitambaa cha kufuma, tunaweka maua ya plastiki juu yake na kunyamaza. Dada yetu naye anaenda duka lile lile, ananunua kile kile. Na pesa hiyo si ya kuokota. Ni sambaza zilizobebwa kichwani alfajiri, ni gauni lililoshonwa usiku kwa taa ya simu.

Wati elfu nane

Karatoni ya bafle ya mama muuza sambaza imeandikwa 8000 W, kwa herufi kubwa kuliko jina la kiwanda. Muuzaji naye aliitaja hiyo elfu nane kila baada ya sentensi mbili. Tulipoigeuza bafle tukaona nyuma, karibu na waya unaoenda ukutani, kibandiko kidogo: 220-240 V, 50 Hz, 60 W.

Sasa fikiria, mama. Pasi ya umeme inakula kama wati 1000. Wati 8000 ni pasi nane zinazowaka kwa pamoja kwenye waya ule mwembamba. Ungeyeyuka kabla ya kwaya kumaliza beti la kwanza. Bafle inayochomekwa ukutani haiwezi kuimba kwa kuendelea kwa nguvu kubwa kuliko ile inayoipokea, na kibandiko kinasema inapokea 60. Ile 8000 wauzaji wanaiita PMPO. Ni hesabu ya nguvu ya kufumba na kufumbua, na hakuna kanuni inayombana kiwanda katika kuihesabu, kwa hiyo kila mmoja anaandika inayompendeza. Herufi za kutafuta ni RMS, maana hizo zinaeleza nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa muda wote bila kukoroma. Ukikosa RMS kwenye karatoni, geuza chombo usome kibandiko cha nyuma.

Kuna jingine ambalo muuzaji hatakuambia. Bafle ya wati 60 haisikiki mara mbili ya bafle ya wati 30. Tofauti yao ni desibeli 3, na sikio linaiona ndogo sana. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, nguvu inabidi iongezeke kama mara kumi. Kwa hiyo ukiwekewa mbele bafle mbili, moja ya wati 50 na nyingine ya 80, na hiyo ya pili inataka dolari kumi na tano zaidi, usilipe kwa sababu ya namba. Chukua simu yako, weka wimbo unaoujua neno kwa neno, usikilize kwa sauti ya chini. Maneno ya mwimbaji yakimezwa na ngoma pale dukani, nyumbani yatamezwa vile vile.

Mama muuza sambaza hajutii bafle yake, inafanya kazi. Anachojutia ni kwamba alilipa bei ya elfu nane akapewa sitini.

Televizyo iliyokula bateri

Hadithi ya mama mshonaji ni ngumu zaidi. Televizyo yake ni ya inchi 42, picha yake inang'aa, na bei ilikuwa sawa na ya televizyo ndogo mpya. Ilibebwa na vijana wawili hadi Panzi, na uzito huo peke yake ungetosha kumfanya mtu aulize swali. Ilikuwa plasma. Viwanda vikubwa viliacha kutengeneza plasma kati ya 2013 na 2014, na zile ambazo watu wa Ulaya walizitoa sebuleni zimekuwa zikisafiri kutufuata. Si kwamba plasma ni mbaya. Inaonyesha vizuri sana. Shida ni tumbo lake: plasma ya inchi 42 inaweza kula wati 200 au zaidi, wakati televizyo ya LED ya inchi 32 inatosheka na 30 hadi 50.

Nyumba yenye umeme wa saa zote haitauona ubaya huo haraka. Lakini nani kati yetu ana umeme wa saa zote? Mama mshonaji ana bateri moja ya 12 V na 100 Ah, inayochajiwa na paneli, kwa ajili ya usiku wa delestaje. Tulifanya hesabu pamoja naye mezani, na tunaiandika hapa ili kila mama aifanye kabla ya kununua. Zidisha 12 kwa 100, unapata 1200, yaani bateri inaweza kulisha chombo cha wati 1200 kwa saa moja, au cha wati 100 kwa saa kumi na mbili. Hiyo ni ya kwenye karatasi. Bateri ya risasi ukiimaliza kabisa kila siku inakufa mapema, kwa hiyo hesabu nusu tu: 600. Gawanya 600 kwa 200 za plasma. Saa tatu. Na kile kisanduku kinachogeuza umeme wa bateri kuwa wa nyumbani nacho kinakula chake, kwa hiyo hazifiki hata tatu.

Sasa weka LED ya wati 40 na taa mbili za wati 5. Jumla 50. Gawanya 600 kwa 50, saa kumi na mbili kwenye karatasi, labda kumi kwa kweli. Watoto wanaangalia habari na filamu yao, mama anashona hadi anachoka, na asubuhi bateri bado ina kitu.

Kwa mama mshonaji, saa tatu usiku giza lilikuwa limeshaingia, na taa ya cherehani ilizima pamoja na televizyo. Wiki ya pili alikosa kumaliza nguo za harusi moja. Televizyo aliiuza kwa hasara kwa mtu mwenye bar karibu na barabara, ambako umeme unakaa zaidi. Alipotueleza hayo mbele ya kikundi sauti yake ilishuka, lakini mama watatu waliandika ile hesabu kwenye madaftari yao. Mmoja alikuwa ameshatoa avansi kwa televizyo kama ile.

Kuhusu okazio, jambo la pili. Chombo kilichotoka Marekani kwa kawaida kimeandikwa 120 V, 60 Hz. Kwetu ukutani ni 220. Ukikichomeka bila transfoma kinaungua papo hapo, moshi na harufu, na muuzaji atasema ulikiharibu wewe. Kibandiko kikisema 100-240 V, hakina ubaguzi, kinakubali kote.

Kidole cha bibi

Ununuzi uliotufurahisha zaidi ni ule wa bibi wa Bagira, na tunakiri tulidhani amepigwa. Bafle za mbao za miaka mingi, ampli nzito isiyo na taa hata moja ya kucheza! Lakini bibi alikuwa na ujanja wake. Alitoa kile kitambaa cha mbele, akakanyaga taratibu kwa kidole ule mviringo unaoshikilia karatasi ya bafle pembeni. Kwenye bafle nyingi za zamani mviringo huo ni wa sponji, na sponji baada ya miaka kumi au ishirini inakauka na kumeguka kama mkate wa juzi. Wa kwake ulikuwa wa mpira, bado laini. Akakataa nyingine mbili, akachukua hizo.

Mjukuu alipoziunganisha sebuleni, muziki ukatoka mwembamba, ngoma hazipo. Bibi alitaka kurudi sokoni kugombana. Kosa lilikuwa kwenye nyaya: bafle moja ilikuwa imeunganishwa nyekundu kwa nyekundu, nyingine nyekundu kwa nyeusi. Ikiwa hivyo, karatasi ya bafle hii inasukuma hewa mbele wakati ya yule mwenzake inavuta nyuma, na sauti nene zinauana katikati. Nyaya zisizo na rangi pia zina dawa. Chukua bateri ya tochi, ile ya 1.5 V, gusa nyaya za bafle kwa sekunde moja. Karatasi ikiruka mbele, waya ulio kwenye + ya bateri ndio wa nyekundu. Ikirudi ndani, geuza. Ampli iwe imezimwa na nyaya zimetolewa kabla ya kufanya hivyo.

Umeme unaorudi kwa hasira

Mafundi wa Kadutu wanapata kazi yao nyingi si kwenye chombo kibovu bali kwenye umeme wetu. Mji wetu unalishwa na maji ya Ruzizi, kwenye kituo cha Ruzizi I cha mwaka 1958 na Ruzizi II cha 1989, ambacho tunagawana na Rwanda na Burundi. Mashine zimezeeka, watu tumeongezeka, na chupa za plastiki tunazozitupa ziwani zinateremka hadi kwenye mitambo na kuisimamisha. (Mama, chupa ya juisi iliyotupwa kando ya ziwa Jumapili inaweza kuwa ndiyo iliyozima televizyo yako Jumanne.) Umeme ukikatika, chomoa televizyo na ampli. Ukirudi, subiri dakika tano au kumi. Mara nyingi unarudi ukiyumba, juu na chini, na vyombo vinaungua wakati huo huo, siyo gizani. Mwenye uwezo anunue regilatere, na aichague kwa kujumlisha wati za vyombo vyote vitakavyoitegemea.

Na majirani, na masikio

Katika nyumba zetu za mbao, ngoma ya bafle inapita ukuta kama haupo. Ikiwekwa chini kwenye kona, kona yenyewe inaongeza sauti nene, na anayeipokea ni mtoto wa jirani aliyelala upande wa pili. Iinue juu ya kiti, iondoe kwenye kona, na ugomvi wa parsele utapungua bila kupunguza muziki wako.

Kuhusu watoto, OMS pamoja na shirika la ITU waliweka kipimo mwaka 2019 kwa wanaosikiliza kwa simu na vyombo vya masikioni: mtu mzima desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, mtoto 75 kwa saa hizo hizo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda unakatwa nusu. Saa 40 zinakuwa 20, halafu 10, halafu 5. Hatuna mashine ya kupima, lakini ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo umeshapita. Sikio lililoharibika kwa kelele halirudi, na fundi wa Kadutu hana kipuri chake.

Tumebakiza redio ya mwalimu, ile isiyoangaliwa. Mwezi uliopita umeme ulikosekana usiku tatu mfululizo katika kartie yake. Bafle ya taa za rangi kimya, televizyo kimya. Usiku wa pili majirani walianza kuja na viti vyao kusikiliza habari mlangoni pake, na usiku wa tatu mtu alileta chai.

Kikundi cha Kadutu kimekubaliana kwamba kuanzia mzunguko huu, anayeonyesha picha ya chombo kipya aonyeshe pia picha ya kibandiko cha nyuma na risiti yenye tarehe na namba ya chombo, kisha azungumze tena baada ya miezi mitatu. Mama muuza sambaza ameshajiandikisha wa kwanza. Bafle inaimba, anasema, ila zile taa amezizima: mtoto wake mdogo alikuwa anakataa kulala, anacheza nazo hadi saa sita.