Tuwe macho na vitenzi vinavyomficha polisi mkatili

VITENZI vya Kiswahili vina siri moja ambayo wanafunzi wengi huikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau mara tu watokapo darasani. Tunaweza kusema polisi walivunja mlango, mlango ulivunjwa au mlango ulivunjika. Tukio ni lile lile. Kinachobadilika ni nani anayeonekana.

Katika kauli ya kutenda, polisi yuko peupe. Katika kauli ya kutendwa amejibanza nyuma ya pazia, ila msikilizaji bado anaweza kuuliza, “Na nani?” Sarufi yenyewe imemwachia mtenda nafasi: mlango ulivunjwa na polisi. Katika kauli ya kutendeka, nafasi hiyo imezibwa. Hakuna Mswahili anayesema “mlango ulivunjika na polisi”. Mlango umejivunjikia tu, basi!

Nimefunza somo hili kwa zaidi ya miaka 30. Ninashikilia kwamba mjadala wa ukatili wa polisi, ubaguzi wa rangi na uwajibikaji hauwezi kukamilika bila kuligusa, kwa sababu kesi nyingi za aina hii huanza na sentensi.

Hebu tuanzie Marekani. Mnamo Mei 25, 2020, George Floyd, Mmarekani mweusi, alifia mikononi mwa polisi jijini Minneapolis. Taarifa ya kwanza ya idara ya polisi ilikuwa na kichwa kilichosema, kwa tafsiri yangu, kwamba mwanamume alifariki baada ya tukio la kitabibu alipokutana na polisi. Taarifa ikaongeza kuwa maafisa walifaulu kumtia pingu, kisha wakaona kama kwamba ana tatizo la kiafya. Goti halikutajwa. Shingo haikutajwa.

Tazama vitenzi hivyo. Polisi ni watenda pale tu wanapofanya jambo la halali: kutia pingu, kuona. Kifo nacho kikapewa kitenzi “kufariki”, ambacho hakimdai mtu yeyote. Lau si msichana wa miaka 17 aliyerekodi yote kwa simu yake, huenda sentensi ile ingesimama hadi leo. Video ilionyesha afisa mzungu, Derek Chauvin, akimkandamiza Floyd kwa goti kwa zaidi ya dakika 9. Mnamo 2021 alipatikana na hatia ya mauaji na kufungwa miaka 22 na nusu. Kutoka “alifariki” hadi “aliuawa na Chauvin” ilikuwa safari ya takriban miezi 11.

Msomaji asidhani mtindo huu ulizaliwa Marekani. Hapa kwetu, Machi 3, 1959, wafungwa 11 wa vita vya Mau Mau waliuawa katika kambi ya Hola, kando ya mto Tana. Taarifa ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Eti maji! Uchunguzi ulithibitisha kwamba walikufa kutokana na kipigo cha askari waliotumwa kuwalazimisha kufanya kazi. Hakuna aliyefungwa kwa mauaji yale.

Hapo ndipo ubaguzi wa rangi unapoingia katika sarufi. Kabla ya kupigwa, wafungwa wale walikuwa wameshabandikwa jina: wakaidi sugu. Ukishamwita mtu mkaidi, jambazi au mhuni, rungu linapomshukia wasikilizaji huliona kama jibu. Mkoloni aliondoka lakini sentensi zake zilibaki, zikarithiwa na maafisa wenye rangi kama yetu.

Mnamo Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay na kusafirishwa hadi Nairobi, ambako alifariki akiwa kizuizini. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Mchango wa Kiswahili hapo ni kiambishi kidogo mno, “ji” ya kujirejelea. Kinamfanya marehemu kuwa mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Kesi imekwisha! Ila upasuaji wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na alama mwilini ambazo mtu hawezi kujitia mwenyewe. Inspekta Jenerali wa Polisi, Douglas Kanja, aliomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile. Maafisa kadhaa walishtakiwa kwa mauaji. Kuwahukumu ni kazi ya mahakama, si ya safu hii.

Kuna watakaonipinga kwamba ni dhuluma kumtaja afisa kabla ya uchunguzi. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana mhariri makini huandika “anadaiwa” na “anashukiwa”. Lakini kutomtaja mtenda si sawa na kumfuta. “Alipigwa risasi, uchunguzi unaendelea kubaini aliyempiga” ni sentensi ya haki kwa pande zote. “Risasi iliyopotea ilimpata” si ya haki hata kidogo. Risasi si mbuzi hata ipotee njia! Kuna kidole kilichovuta kifyatulio, na kidole kina mwenyewe.

Kwa wanahabari na walimu wenzangu, pendekezo langu ni jepesi. Mkipokea taarifa ya kifo mikononi mwa dola, uchunguzeni kwanza mzizi wa kitenzi na viambishi vyake. Kama hakuna mahali pa kuuliza “na nani?”, msiinakili. Iandikeni upya kwa kile kinachojulikana: alikuwa wapi, chini ya ulinzi wa nani, mwili una majeraha gani.

Nimalizie na neno lenyewe, uwajibikaji. Linatokana na kitenzi “wajibika”, na wakubwa hulipenda kwa kuwa linaashiria kwamba afisa atawajibika mwenyewe, kwa hiari yake. Hola, Minneapolis na Nairobi zinatufunza vingine. Katiba ya 2010 inaitaka Huduma ya Taifa ya Polisi kudumisha uwajibikaji, na Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA) iliundwa kwa sheria ya 2011 kwa sababu ahadi ya hiari haikutosha. Kitenzi tunachokihitaji ni “wajibishwa”. Kina nafasi ya “na nani?”, na jibu lake ni sisi.