UZI: Mgombea akisema "magendo", anamaanisha nani?

1/ Mdahalo wowote ukifanyika Busia au Malaba, swali la magendo halikosi. Mgombea anashika maikrofoni, anaahidi "kuwamaliza wahalifu wa mpakani", ukumbi mzima makofi. Na wengi wanaopiga makofi asubuhi wamekunywa chai ya sukari iliyovuka kwa njia ya panya. Hebu tuongee polepole.

2/ Mwaka 1963 msomi Mmarekani, Howard Becker, alitoa hoja iliyowaudhi wengi: kitendo hakizaliwi kikiwa kosa. Kuna watu huketi, wakatunga kanuni, halafu wakawabandika wengine jina. Ukitaka kuielewa hoja hiyo bila kwenda chuo, simama tu hapa mpakani.

3/ Anza na mpaka wenyewe. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, Kisumu ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902 Waingereza wakahamishia mkoa ule upande huu, ambao baadaye ukaitwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wako pande mbili. Mtu aliyekuwa akimpelekea shemeji yake wimbi, sasa ati anasafirisha bidhaa nje ya nchi. Wimbi ni ule ule.

4/ Wazee wanakumbuka kahawa. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni kule Brazil, na 1976-77 bei ikapaa dunia nzima. Mkulima wa Uganda alilipwa kidogo, tena kwa pesa isiyonunua kitu, kwa hivyo kahawa ikavuka usiku kwa kichwa na kwa baiskeli. Serikali ya kijeshi ya huko ilikuwa imeunda mahakama ya makosa ya kiuchumi 1975. Ukishikwa na magendo ungeweza kuuawa. Upande huu, soko la Chepkube kule Bungoma, kahawa hiyo hiyo ilinunuliwa na watu wakatajirika. Gunia moja: ng'ambo mhujumu uchumi, huku mwekezaji.

5/ Chang'aa nayo. Kenya iliipiga marufuku kabisa 1980. Uganda, waragi ilikuwa na leseni na kiwanda tangu miaka ya 1960. Halafu 2010 Kenya ikageuka: inaruhusiwa, kwa masharti. Miaka 30 hiyo! Mama waliolala rumande katikati hakuna aliyewarudishia siku zao.

6/ Ya karibuni zaidi: mifuko ya plastiki. Tarehe 27 Agosti 2017 ukiwa na bunda la mifuko wewe ni mchuuzi. Tarehe 28, faini ya milioni 2 hadi 4, au jela mwaka 1 hadi 4. Vuka upande wa pili, wewe ni mchuuzi tena. Mimi marufuku ile naiunga mkono, mitaro yetu ilikuwa imeziba. Lakini tukubaliane kwamba kilichobadilika usiku ule ni sheria. Mchuuzi alilala na kuamka yule yule.

7/ Sasa kuna mtu atauliza: kwa hivyo kila kosa ni jina tu? La. Dawa bandia inaua mtoto hata uiite nini. Bunduki ni bunduki. Msichana anayevushwa kwenda kufanyishwa kazi bila malipo ana madhara yanayoonekana kwa macho. Shida ni kwamba neno "magendo" jukwaani linameza hao wote pamoja na mama mwenye ndoo mbili za nyanya.

8/ Na huyo mama, nisikilize vizuri hapa. Forodha ya pamoja ya Afrika Mashariki ilianza 2005. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya jumuiya haitozwi ushuru wa forodha. Mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapata cheti rahisi cha asili pale pale mpakani. Yaani nyanya zake hazina ushuru wa forodha wa kukwepa!

Mbona basi anapita panya? Kwa sababu ameitwa mlanguzi miaka mingi, ofisi inamtisha. Kuna foleni, kuna karatasi nyingine za afya ya mimea, na hakuna aliyemsomea orodha kwa lugha anayoielewa. Njia ya panya angalau anajua bei yake: hamsini kwa huyu, mia kwa yule. Ukishaitwa mlanguzi unajificha. Ukijificha unaonekana mlanguzi kweli. Na yule anayekudai "ya chai" amepata kazi ya kudumu.

9/ Jina laweza pia kubandikwa watu wote wa kazi fulani. Mwaka 2020, wakati wa korona, foleni ya malori Malaba ilienda kilomita na kilomita, na Uganda ilipotangaza wagonjwa kila siku, madereva wa malori walitajwa kama kundi lao peke yao. Ukiwa dereva, ukawa ugonjwa unaotembea.

Na jina laweza kutoka. Bodaboda zilianzia papa hapa Busia, baiskeli za kuvusha watu na mizigo "boda kwa boda". Leo hakuna mgombea asiyetaka kupigwa picha juu ya pikipiki.

10/ Tena Machi 2021. Tarehe 5 mahindi ya Uganda yakazuiwa kuingia Kenya kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache yakaruhusiwa kwa masharti na vyeti. Sumukuvu si mchezo, inaua. Lakini kuna lori lililopakia likiwa na chakula, likafika mpakani limebeba kosa.

11/ Kwa hivyo mdahalo ujao, mgombea akisema atamaliza magendo, inua mkono. Magendo gani? Inamdhuru nani? Mwaka wa kwanza utashika malori mangapi, na ndoo ngapi? Na ile orodha ya bidhaa za cheti rahisi, utaibandika sokoni kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso, lini?

Akijibu "tutaunda kamati", rudia swali la lini.