Cherehani kuukuu ya kiwandani: Ipime hivi kabla hujatoa pesa

Cherehani yako ndogo ya nyumbani imekufikisha mbali, lakini sasa oda zimeanza kuilemea. Ikifika kwenye pindo nene la jinzi inakwama na kuruka mishono, na mteja anataka nguo yake Ijumaa. Umepekua mtandaoni ukaona cherehani ya kiwandani, ya zamani, bei yake chini sana kuliko mpya. Kidole tayari kiko kwa M-Pesa. Hebu subiri kidogo.

Wazo lenyewe si baya. Mashine hizi ziliundwa kushona kutwa nzima, siku baada ya siku. Kichwa chake ni chuma kizito, na modeli kama Juki DDL-8700 inaweza kupiga hadi mishono 5,500 kwa dakika. Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Ila kuna cherehani ya kale na kuna cherehani iliyochoka, na kwa macho utazichanganya, kwa sababu kupuliza rangi mpya ni kazi ya saa chache tu. Mkono wako ndio utakaokuambia ukweli.

Jua kwanza unachonunua. Cherehani ya kiwandani ni vitu vitatu: kichwa, meza na mota. Meza seremala ataitengeneza. Mota inabadilishwa. Lakini kichwa kikiwa kimekwisha, umenunua vyuma vya kupima kwa kilo. Kumbuka pia kwamba mashine ya kawaida ya aina hii hupiga mshono mmoja ulionyooka, basi. Haifungi kingo kama ovaloki wala haishoni vishimo vya vifungo. Zile Singer nyeusi za 31-15 hazirudi hata nyuma kufunga mshono.

Muuzaji akikuapia kwamba mashine ni ya juzi tu, soma nambari ya modeli. Kwenye Singer, herufi K katikati, mfano 31K, inaonyesha ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, ambacho kilifungwa 1980. Umri huo si kasoro. Uongo ndio kasoro, na anayedanganya kuhusu umri atadanganya kuhusu mengine.

Sasa ipime. Zima umeme, toa uzi, inua mguu unaobana kitambaa, kisha zungusha gurudumu la mkono polepole kuja upande wako. Lizunguke mara kadhaa bila kusita. Likikaza mahali pamoja kila mzunguko, huenda ni uzi ulionaswa, kutu au mhimili uliopinda. Usikubali kuambiwa "iko sawa bosi, inataka oili tu." Kama ni oili, aitie hapo hapo, ukiona.

Shika chuma kinachobeba sindano, ukitikise. Kikicheza sana, kimelika. Lalisha kichwa nyuma, utazame ndoano inayodaka uzi wa juu. Ncha yake iwe kali na laini, bila makovu. Pitisha kidole juu ya meno yanayosukuma kitambaa. Yakiwa butu, kitambaa kitateleza. Ndoano na meno hununuliwa vipya, kwa hivyo vitumie kupunguza bei. Mhimili uliolika ni kesi nyingine. Huo ukikuta, aga uende zako.

Jaribio la mwisho ni kushona, na ushone kitambaa chako mwenyewe, si kile kipande cha muuzaji. Beba kitambaa chepesi cha bitana na jinzi uliyoikunja mara nne. Tumia uzi wa rangi moja juu na rangi nyingine kwenye bobini. Ukiona rangi ya chini imechungulia juu, huenda uzi wa juu umekazwa mno. Hilo linarekebishwa kwa kuzungusha kidude cha kukazia. Lakini ikiruka mishono hata baada ya kuweka sindano mpya, muuzaji airekebishe kwanza, ndipo mzungumze pesa.

Kuna mtego mwingine unaomeza akiba za vijana, nao ni umeme. Soma kibati kilicho kwenye mota. Nyumba zetu zina fezi moja ya volti 240. Mashine iliyotoka kiwandani huenda mota yake inataka fezi tatu, volti 415, na ile iliyotoka Marekani huenda inataka 110. Ukiipeleka nyumbani hivyo hivyo, haitafanya kazi au itaungua. Piga hesabu ya mota nyingine kabla hujakubaliana bei.

Mota za zamani ni za klachi. Ukiwasha, inanguruma na kula tokeni hata kama hushoni, na ukikanyaga pedali vibaya nguo inafyatuka. Mota ya sevo huzunguka unapokanyaga tu, haina kelele, na unaiwekea kasi unayoimudu. Kama unaishi kwenye ploti na unashona usiku, majirani watakushukuru.

Umelipa? Chukua risiti yenye nambari ya mashine, maana vitu vya wizi navyo huuzwa. Kabla ya kusafirisha, mwaga oili yote iliyo kwenye trei, na ubebe kichwa peke yake. Tafuta mtu wa kukusaidia, kwani kina karibu kilo 30.

Ukifika, futa oili iliyoganda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kausha, kisha tia mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yataganda na kuikaba. Kama ina trei, jaza hadi kwenye alama. Hakikisha ukanda haujalegea na gurudumu linazunguka kuja kwako. Likienda kinyume, mota inazunguka vibaya. Iendeshe taratibu bila uzi, mguu ukiwa juu, huku ukitazama kidirisha cha oili. Ikiwa modeli yako inajipaka oili yenyewe, utaiona ikirukaruka mle. Usipoiona, simamisha.

Sindano nazo ni tofauti. Mashine nyingi za aina hii hutumia DBx1 yenye shina la mviringo. Zile za nyumbani zenye ubavu bapa hazifai. Mfereji mrefu wa sindano uelekee upande unakoingilia uzi. Namba 11 inafaa kitambaa chepesi, 18 jinzi.

La mwisho linahusu vidole vyako. Ukizima mota ya klachi, huendelea kuzunguka kwa muda. Kanyaga pedali mpaka isimame kabisa, ndipo utie uzi kwenye sindano. Fanya hivyo kila mara, hata siku ambayo mteja amesimama mlangoni.