Mkanda Usioaga

Kuna mkanda ndani ya injini yako ambao pengine hujawahi kuuona, hata kama gari unalo mwaka wa kumi sasa. Si fenibelti. Fenibelti iko nje, ikichoka hupiga yowe alfajiri mpaka majirani wakajua umeamka. Ninayoisema ni taimingi belti. Imejificha nyuma ya kifuniko cha plastiki, nayo ndiyo inayoifunga krenkishafti, inayozungushwa na pistoni, pamoja na kamshafti inayofungua na kufunga valvu. Krenki inazunguka mara mbili, kamu mara moja. Wakati wote, bila kupishana hata jino moja. Mkanda huu hauna tabia ya kuaga. Leo umekupeleka sokoni, kesho unapanda mlima Kitonga na malori nyuma yako, injini inanyamaza hapohapo.

Mimi ni fundi wa kushona, hapa Morogoro. Gari langu ni RAV4 ya toleo la kwanza kabisa, lile lililotoka kiwandani kuanzia mwaka 1994, lenye injini ya lita mbili iitwayo 3S-FE. Mkanda wake na pampu ya maji nabadilisha mwenyewe, uani kwangu. Wapo wanaoona ajabu mtu wa cherehani kuingiza mkono kwenye injini. Ajabu iko wapi? Mkanda wenye meno kwa asili ni wa kwetu: ulibuniwa Marekani miaka ya 1940 kwa ajili ya cherehani, ili sindano ya juu na ndoano ya chini ziende pamoja bila kuteleza. Magari yaliuazima baadaye. Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda huo kwenye injini lilikuwa la Kijerumani, Glas 1004, mwaka 1962. Na sisi tunaoshona tunajua vizuri: ndoano ikichelewa kidogo kudaka kitanzi cha uzi, mshono unaruka, ikichelewa zaidi, sindano inapiga chuma na kuvunjika. Valvu na pistoni zinaishi vivyo hivyo.

Ila si injini zote zinavunja sindano. Kwenye 3S-FE, mkanda ukikatika valvu iliyobaki wazi haifikiwi na pistoni. Utasimama njiani, utavutwa kwa kamba, utafunga mkanda mpya na maisha yataendelea. Corolla 110 yenye 5A-FE ni hivyo hivyo. Lakini Subaru Forester za zamani, zile za injini ya EJ20 yenye kamshafti nne, hazina huruma hiyo. Dizeli ndiyo kabisa: pale pistoni inapanda karibu kugusa silinda hedi, hakuna nafasi ya valvu iliyozubaa. Mkanda ukikatika humo, unanunua valvu, na mara nyingine unanunua injini. Mwenye IST au Probox ya 1NZ asisumbuke na habari hizi, injini yake inatumia mnyororo. Hata RAV4 za petroli zilizofuata baada ya yangu zilihamia kwenye mnyororo. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, soma jina la injini yako. Anayetaka kujifunza kazi hii aanze na injini inayosamehe.

Unabadilisha lini? Kwa injini kama yangu Toyota wanasema kilomita 100,000. Tatizo letu ni kwamba gari la mtumba linakuja na kilomita ambazo hujui zimehesabiwa na nani. Mimi nilitafuta stika. Gereji za Japani zina desturi ya kubandika stika ndogo ndani ya boneti mkanda unapobadilishwa: tarehe na kilomita, pamoja na maandishi yao ambayo huna haja ya kuyasoma, tarakimu zinatosha. Ukiikuta, bahati yako. Usipoikuta, chukulia mkanda haujawahi kuguswa, na hesabu umri wa gari badala ya kilomita, maana mpira unazeeka hata gari likiwa limeegeshwa.

Hapa ndipo ninapogombana na vijana wa gereji. Kijana mmoja alifungua kifuniko cha juu, akaupapasa mkanda kwa kidole, akaniambia, "Mama, huu bado mzima kabisa, unapoteza hela yako bure." Alivyouona ni kweli ulikuwa mzuri: mweusi, laini, meno yote yapo. Lakini nguvu ya mkanda haiko kwenye mpira unaouona. Iko kwenye nyuzi za kioo zilizolazwa ndani, ndizo zinazovuta. Na mpira wanaotumia siku hizi hauonyeshi nyufa mapema kama ule wa zamani. Mtu wa kuangalia kwa macho atakwambia mzima mpaka siku utakapokatika. Mkanda huu unabadilishwa kwa kalenda na kilomita, basi. Kasoro moja tu ndiyo macho yanaiweza: oili. Kama sili ya kamshafti, ya krenki au ya pampu ya oili inavuja, oili itautafuna mpira, na mkanda mpya utakwenda njia ileile ya ule wa zamani. Sili ni za bei ndogo. Zifunge zote ukiwa umeshafika huko.

Pampu ya maji inaingiaje kwenye hadithi hii? Kwenye 3S-FE, taimingi belti ndiyo inayoizungusha. Kuifikia pampu ni lazima uvue kila kitu ambacho umekwisha kukivua kwa ajili ya mkanda. Ukiiacha ya zamani kwa kubana matumizi, ikaanza kuvuja baada ya miezi sita, unairudia kazi yote, na mkanda wako mpya umeshaloa. Beringi yake ikikwama ndiyo balaa, kwa sababu mkanda unaendelea kuvutwa juu ya puli isiyozunguka, na meno yanang'oka.

Na pampu zetu zinakufa mapema kwa sababu tunaziua. Ndani ya pampu kuna sili ya nyuso mbili ngumu zinazosuguana, utando mwembamba wa maji ukipita katikati kuzilainisha. Maji hayo yakiwa ya bomba, au mabaya zaidi ya kisima chenye chumvi, yanaacha magaga kwenye nyuso hizo na kutu kwenye chuma. Halafu fundi anatoa themostati, "gari lisichemshe," na tangu hapo injini haifikii joto lake hata siku moja. Pampu niliyoitoa mimi nimeihifadhi kwenye kopo la vifungo dukani, huwa nawaonyesha wateja wenye magari. Chini ya shingo yake kuna kitundu kidogo, kimewekwa makusudi: sili ikichoka, maji yanatokea hapo ili ujue. Kwenye kitundu hicho kulikuwa na ukoko wa rangi ya pinki iliyopauka, umeshuka mpaka chini. Panga zake za chuma zilikuwa zimeliwa kingoni, nyembamba kiasi cha kukata kidole. Nilipoizungusha kwa mkono ilikwaruza, kana kwamba kuna mchanga kwenye beringi. Gari hilo lilikuwa halijachemsha hata mara moja.

Vipuri nanunua Dar es Salaam, Gerezani, dukani kwa mtu ninayemfahamu. Mikanda ya Bando na Mitsuboshi, pampu za Aisin au GMB, zote za Kijapani, zinatosha. Lakini na bandia zake zipo, kwa hiyo nauliza bei kwanza, na ikiwa ndogo kupita kiasi naaga. Nanunua pia tenshena na puli yake ya pili, maana nazo zina beringi za umri uleule, gasketi na oringi za pampu, na kulanti nyekundu. Mkanda "yuzdi" usinunue hata ukipewa bure.

Kazi yenyewe inaanza na injini iliyopoa usiku mzima. Natoa waya wa betri, nainua mbele kulia na kuliweka gari juu ya stendi za jeki. Jeki peke yake siiamini na wewe usiiamini. Gurudumu la kulia linatoka, na plastiki ya ndani ya mdigadi. Maji ya rejeta namwaga kwenye karai na kulifunika mara moja, kwa sababu kulanti ni tamu na ni sumu, na mbwa wa jirani hazuiliki. Fenibelti zinatoka, plagi zinatoka ili injini izunguke bila kubisha. Kisha jeki ya pili chini ya sampu, na kipande cha mbao katikati, kwa sababu upande huo maunti ya injini inabidi ifunguliwe na injini lazima iwe na mahali pa kuegemea.

Bolti ya puli ya krenki ndiyo inayowarudisha wengi gereji. Ni ya kichwa cha milimita 19 na imekaa humo miaka. Wapo wanaofunga spana, wanaiegemeza kwenye chesisi na kupiga stata. Inafunguka, ndiyo, ila mara nyingine spana inaruka na kukutafuta. Mimi nimechongesha bamba la chuma kwa mchomeleaji, lina matundu mawili yanayoendana na matundu yenye nyuzi kwenye puli. Nalifunga kwa bolti mbili, linaegemea chini, puli haizunguki. Baada ya hapo ni bomba refu juu ya mpini wa spana na uzito wa mwili. Inalia mlio mmoja mkavu, imekubali.

Sasa polepole, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Puli ya krenki ina mfereji mdogo ukingoni, na kifuniko cha chini kina alama ya 0. Puli ya kamshafti ina kitundu. Ukichungulia ndani yake unapaswa kuona alama iliyochongwa kwenye kifuniko cha beringi kilicho nyuma. Nageuza krenki kwa spana, kuelekea inakozunguka saa, mwanangu akiwa juu na tochi ya simu.

"Bado, mama. Bado. Haya... kimepita."

Kitundu kikipita alama hatukirudishi nyuma, tunazunguka tena. Na hapa pana mtego: kwa kuwa krenki inazunguka mara mbili kamu ikizunguka mara moja, mfereji unaweza kukaa kwenye 0 ilhali kitundu cha kamu kiko upande wa pili kabisa. Ikiwa hivyo, ongeza mzunguko mmoja mzima wa krenki. Alama zote mbili zikikubaliana, piga picha. Ndipo ulegeze tenshena, uisukume pembeni, na uvue mkanda. Tangu dakika hiyo hakuna anayegusa krenki wala kamu.

Pampu inatoka kwa bolti chache. Muda mwingi unakwenda kwenye kukwangua gasketi ya zamani bila kukwaruza chuma. Wanaopaka silikoni kama siagi kwenye mkate wajue kwamba inayobanwa kuingia ndani inakatika na kwenda kukaa kwenye rejeta. Oringi nailowesha kwa kulanti tu. Bolti ndogo za pampu zinahitaji mkazo wa kama niutoni mita 9, ambao ni nguvu ya kiganja. Wengi huzikata kwa kukaza kwa hasira.

Mkanda mpya unavikwa kuanzia krenki, upande usio na tenshena ukiwa umevutwa, ili ulegevu wote uangukie kwa tenshena. Pampu ya oili na ya maji hazina alama, zizunguke zitakavyo. Naiachia tenshena, springi yake inavuta yenyewe, kisha nageuza krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na kurudi kwenye 0. Kitundu kikikaa pale pale juu ya alama, nakaza bolti ya tenshena kwa 42. Kikiwa kimekwenda jino moja pembeni, navua na kuanza upya, hata kama jua limezama. Hakuna "itajiweka sawa ikiwaka." Na ukigeuza kwa mkono ukahisi kitu kigumu kimezuia, usilazimishe, stata haitahisi kama wewe. Bolti kubwa ya krenki inakazwa kwa 108, kwa spana ya kupimia. Kama huna, azima. Hii si ya kukisia.

Kurudisha vilivyobaki ni kinyume cha kuvua. Kulanti namimina taratibu, mfuniko wazi, hita ya ndani nimeiweka kwenye joto la juu, injini ikinguruma mpaka mapovu yaishe na themostati ifunguke. Ndiyo, themostati nimeirudisha.

Jirani yangu ana Prado ya dizeli, ya 1KZ. Taa yake ya T-BELT inawaka kwenye dashibodi tangu mwaka jana. Taa hiyo Toyota waliiweka kwenye dizeli zao iwake kilomita zikitimia. Alikuja na soda mbili, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniomba nimfanyie. Nikamwambia injini yake ina alama ya tatu, ya pampu ya dizeli, na ikikosewa hata moja valvu zitalala juu ya pistoni. Alipeleke gari kwa fundi wa dizeli, wiki hii hii, na alipe anachoambiwa. Akaniuliza, je, yule kijana wa kona, aliyemwambia achomoe tu balbu ya taa ile? Soda yake nilikuwa nimeshaifungua, ikabidi nimjibu kwa adabu.